Ajali Iliyotukosa Ina la Kutufundisha

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima. Limepigwa chapa ili wanafunzi wapate kulisoma baada ya kulisikiliza.

Wenye daftari na kalamu wawe nazo karibu, maana mwisho wa somo hili iko kazi ya kuandika.

Somo la leo lahusu pikipiki. Hatutajifunza namna ya kuiendesha. Kazi hiyo hufundishwa na mwalimu wa udereva, na pikipiki yenyewe ikiwapo. Leo tutajifunza jambo moja tu, nalo ni hili: jinsi mwendesha pikipiki awezavyo kupata elimu kutokana na ajali, na zaidi kutokana na ile ajali iliyomkosa.

Mfano wetu utakuwa Kidahwe. Wakazi wa Kigoma waijua vizuri. Barabara itokayo Kigoma mjini hupita Mwandiga, ambako njia moja huchepuka kwenda Manyovu, mpakani mwa Burundi. Ukiendelea mbele, baada ya kama kilomita 30 kutoka mjini, wafika Kidahwe. Hapo barabara hugawanyika tena. Moja huelekea Kasulu, na nyingine huelekea Uvinza. Mahali pa namna hiyo hukutanisha watu wa kila aina: lori la mizigo, basi la abiria, baiskeli yenye gunia la mkaa, mama mwenye beseni la dagaa, watoto watokao shule, na bodaboda yenye madumu ya mawese. Kila mmoja ana safari yake na haraka yake. Panapokutana haraka nyingi, hapana budi pawe na akili nyingi pia.

BODABODA NI NINI KWETU?

Neno bodaboda lilianzia mpakani mwa Kenya na Uganda, upande wa Busia na Malaba. Katika miaka ya 1960 vijana wa huko walikuwa wakiwavusha watu kwa baiskeli kutoka mpaka mmoja hadi mwingine, wakiita kwa Kiingereza neno lenye maana ya mpaka. Baadaye baiskeli zikafuatwa na pikipiki, na jina likaenea Afrika Mashariki yote.

Leo bodaboda ni msaada mkubwa. Humfikisha mgonjwa zahanati, humfikisha mkulima sokoni, na humpa kijana kazi. Basi hatuzungumzi ili kuilaumu. Twazungumza kwa sababu kazi hiyo ina hatari, na hatari hiyo yaweza kupunguzwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu 1,190,000 walikufa katika ajali za barabarani ulimwenguni pote. Zaidi ya nusu yao walikuwa waenda kwa miguu, wapanda baiskeli, na wapanda pikipiki pamoja na vyombo vya magurudumu matatu. Hao ndio watu wasiokuwa na bati wala mlango wa kuwakinga. Mwili wao ndio gari lao.

AJALI, NA AJALI ILIYOTUKOSA

Ajali twaijua. Pikipiki imeanguka, mtu ameumia, mali imeharibika. Watu hukusanyika, na habari huenea kijiji kizima.

Lakini liko jambo jingine ambalo hutokea mara nyingi zaidi, wala halikusanyi watu. Mwendesha pikipiki aingia kwenye kona, gurudumu la nyuma lateleza, moyo wampasuka, kisha pikipiki yasimama sawasawa. Au ataka kulipita lori, mara aona basi laja mbele yake, arudi upande wake, nalo basi lapita karibu kumgusa bega. Akifika kijiweni asema, "Nimeponea chupuchupu! Mungu mkubwa." Wenzake wacheka, naye acheka. Baada ya nusu saa yuko barabarani tena, aendesha vile vile.

Hiyo ndiyo ajali iliyotukosa. Kumshukuru Mungu ni vema. Walakini kushukuru bila kujifunza ni kupoteza zawadi tuliyopewa. Ajali kamili hutoza ada kubwa sana: mguu, jicho, pikipiki ya mkopo, au uhai. Ajali iliyotukosa hutufundisha somo lile lile bila kututoza kitu. Wahenga wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ajali iliyotukosa ni ufa.

Tutauzibaje? Kwa kujiuliza maswali matatu. Mwalimu wa darasa ayaandike ubaoni:

1. Ni kitu gani nilichelewa kukiona?
2. Nilikuwa nafanya nini kabla ya hatari kutokea?
3. Tangu leo nitabadili nini?

Angalieni kwamba hakuna swali lisemalo, "Kosa ni la nani?" Swali hilo lina mahali pake, kwa polisi na mahakamani. Lakini halimfundishi mpanda pikipiki kuishi. Dereva wa lori aweza kuwa na kosa lote, na bado anayelazwa wodini ni mwenye pikipiki.

Sasa tuchukue mifano michache, tuyajaribu maswali yetu.

MFANO WA KWANZA: MCHANGA KATIKA KONA

Mtu atoka njia ya vumbi na kuingia barabara ya lami, au ageuka kutoka lami kwenda kijijini. Mahali zinapoungana njia mbili za namna hiyo, magurudumu ya magari huleta mchanga na changarawe juu ya lami. Lami yenye mchanga ni kama sakafu iliyomwagiwa punje za mahindi. Pikipiki yainama katika kona, tairi halina cha kushika, na yateleza.

Alichelewa kuona nini? Mchanga. Alikuwa afanya nini? Aliingia kwenye kona na mwendo mkubwa, kisha akashika breki katikati ya kona. Atabadili nini? Atapunguza mwendo kabla ya kona, pikipiki ikiwa bado imesimama wima, kisha atapita kona polepole bila kukamata breki kwa ghafla.

Mvua nayo ni vivyo hivyo. Katika nchi yetu ya Kigoma kiangazi huacha vumbi na mafuta ya magari juu ya lami. Mvua ya kwanza inyeshapo, vumbi na mafuta huchanganyika na maji, na barabara huwa telezi kuliko itakavyokuwa baada ya mvua kubwa kuisafisha. Basi dakika za kwanza za mvua si wakati wa kukimbia ili usilowe. Ni wakati wa kwenda taratibu au kusimama mahali pa kujikinga. Na palipomwagika mawese, hata jua likiwaka, pana utelezi.

MFANO WA PILI: DEREVA ALIYEKUTAZAMA ASIKUONE

Mpanda pikipiki afika njia panda. Dereva wa gari amgeuzia uso, kisha aingia barabarani mbele yake. Mwenye pikipiki ashika breki na kupiga kelele, "Huna macho?"

Macho anayo. Lakini macho ya mtu hutafuta vitu vikubwa. Pikipiki ijayo mbele yako ni chombo chembamba, na ni vigumu kukisia iko mbali kiasi gani na yaja kwa mwendo gani. Dereva aweza kuigeuzia uso na akili yake isiitambue.

Basi mpanda pikipiki mwenye busara hasemi, "Ameniona." Husema, "Hajaniona, mpaka nione gari lake limesimama." Huwasha taa ya mbele hata mchana. Huvaa koti lenye rangi kali lenye kung'aa. Akikaribia njia panda hupunguza mwendo na kuweka vidole tayari juu ya breki.

Kwa malori iko kanuni nyepesi. Ukiwa nyuma au ubavuni mwa lori, tafuta uso wa dereva katika kioo chake cha pembeni. Usipouona uso wake, naye hawezi kukuona wewe. Usikae mahali hapo. Na lori likitaka kugeuka kushoto, usijipenyeze kati yake na ukingo wa barabara, maana magurudumu ya nyuma hayapiti yalipopita ya mbele. Hukata kona kwa ndani, nawe ndiko uliko.

MFANO WA TATU: MZIGO NA ABIRIA

Dumu la lita 20 la mawese, likijaa, lina uzito wa kama kilo 18. Madumu mawili ni kilo 36, na manne ni kilo 72, yaani uzito wa mtu mzima. Uzito huo ukifungwa nyuma na juu, gurudumu la mbele huwa jepesi. Usukani haumtii mtu sawasawa, na mlimani pikipiki yaweza kuinua uso. Dumu lisilojaa nalo lina hila yake: mawese huyumba ndani, na pikipiki huyumba nayo.

Mzigo ufungwe chini na karibu na katikati ya pikipiki, uwe sawa pande zote mbili, na kamba ikaguliwe baada ya kilomita chache, kwa maana kamba hulegea. Ukiwa na mzigo, breki huhitaji nafasi zaidi.

Abiria naye ni mzigo wenye uhai. Hapa nawaambia hasa akina mama: angalieni kanga, kitenge na baibui. Ncha ya nguo ikining'inia yaweza kukamatwa na cheni au na gurudumu la nyuma, ikamvuta mtu chini kwa nguvu. Kabla ya kuondoka, kusanya nguo zako uzikalie au uzifunge. Dereva mwema husubiri na kutazama. Kama mtoto ni mdogo kiasi kwamba miguu yake haifiki kwenye vikanyagio, hana pa kujishikiza. Tena ule mtindo wa mshikaki, watu watatu au wanne juu ya pikipiki moja, huondoa nafasi ya dereva kusogeza mwili wake na kuongoza chombo. Nauli ya mtu mmoja zaidi haitoshi kununua hata bandeji.

MFANO WA NNE: USIKU

Jioni, watu wengi hurudi majumbani kwa miguu kando ya barabara, wamevaa nguo nyeusi. Wako wenye baiskeli zisizo na taa. Wako mbuzi. Taa ya gari lijalo hukupiga machoni, na kwa muda kidogo huoni kitu. Muda huo pikipiki yako haikusimama, imeendelea kwenda.

Kanuni ya usiku ni hii: mwendo wako usizidi macho yako. Kama taa yako huangaza mita 30 mbele, basi uwe na mwendo utakaokuwezesha kusimama ndani ya mita 30. Nanyi waenda kwa miguu, beba kurunzi au vaa kitambaa cheupe, na tembea upande wa kulia ili uyaone magari yanayokujia.

HESABU YA KUSIMAMA

Sasa tufanye hesabu. Wenye kalamu waandike.

Mtu aonapo hatari, hawezi kusimama papo hapo. Jicho laona, akili yaamua, mkono na mguu vyatii. Kazi hiyo huchukua kama sekunde 1, na zaidi ikiwa mtu amechoka, amelewa, au anazungumza kwa simu. Katika sekunde hiyo pikipiki yaendelea kwenda kama kwamba hakuna hatari.

Tuseme pikipiki yaenda kilomita 30 kwa saa. Kwa sekunde 1 hupita kama mita 8. Breki zikishika kwenye lami kavu, huhitaji kama mita 6 zaidi. Jumla ni mita 14.

Tuseme sasa yaenda kilomita 60 kwa saa. Kwa sekunde 1 hupita kama mita 17. Breki zikishika, huhitaji kama mita 23 zaidi. Jumla ni mita 40.

Mwaona? Mwendo tumeuzidisha mara 2, lakini nafasi ya breki imezidi kama mara 4. Wengi hudhani kwamba mwendo ukizidi mara mbili, nafasi nayo huzidi mara mbili tu. Dhana hiyo imewazika watu. Na katika changarawe au mvua, nafasi huwa kubwa kuliko hiyo.

Jioni moja, darasa litoke nje na kupima mita 14 na mita 40 kwa hatua, kwenye uwanja na si barabarani. Mtoto akitokea ghafla kwa hatua 20, mwendo upi utamwacha hai?

Tena, kuhusu breki. Wako wanaoiogopa breki ya mbele, wakitumia ya nyuma peke yake. Pikipiki ikisimamishwa, uzito huhamia mbele, na kwa hiyo gurudumu la mbele ndilo lenye nguvu zaidi ya kusimamisha. Kwenye barabara kavu iliyonyooka, tumia breki zote mbili pamoja, ukizikaza kwa kuzidisha kidogo kidogo wala si kwa kuzinyakua. Kwenye mchanga, ya mbele iguswe kwa upole sana. Zoezi hili lifanywe mahali patupu, kabla ya siku ya hatari.

HADITHI YA DAKTARI ALIYEANDIKA

Sasa nitawapa hadithi ya kweli, ili mwone jinsi ajali moja ilivyofundisha ulimwengu.

Mwezi wa Mei mwaka 1935, huko Uingereza, mwandishi mmoja aliyekuwa mwanajeshi mashuhuri, T. E. Lawrence, alikuwa akiendesha pikipiki yake kwenye barabara ya mashambani. Barabara ilikuwa na bonde dogo. Ng'ambo ya bonde walikuwako vijana wawili wenye baiskeli, asiowaona mpaka alipokuwa karibu. Akawakwepa, akaanguka, akaumia kichwa. Hakuwa amevaa kofia ngumu. Baada ya siku 6 alifariki.

Mmoja wa madaktari waliomhudumia aliitwa Hugh Cairns, mzaliwa wa Australia, bingwa wa upasuaji wa ubongo. Wengine walisikitika na kwenda zao. Cairns alisikitika, kisha akaanza kuuliza na kuandika. Wapanda pikipiki wangapi huumia kichwa? Walivaa nini? Nani alipona? Vita Kuu ya Pili ilipoanza, wapanda pikipiki wa jeshi wakawa wanakufa kwa wingi katika giza la barabara zilizozimwa taa. Mwaka 1941 Cairns alitoa makala kueleza jinsi kofia ngumu iokoavyo ubongo, na mwaka huo huo Jeshi la Uingereza likaamuru wapanda pikipiki wake waivae. Miaka mingi baadaye, mwaka 1973, sheria ya Uingereza ikamlazimu kila mpanda pikipiki.

Je, Cairns alikuwa na haki? Mwaka 2008 wataalamu walikusanya pamoja matokeo ya uchunguzi 61 uliofanywa katika nchi mbalimbali. Waliona kwamba kofia ngumu hupunguza vifo vya wapanda pikipiki waliopata ajali kwa kama 42 katika kila 100, na hupunguza majeraha ya kichwa kwa kama 69 katika kila 100. Hapa kwetu Tanzania, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 humtaka mwendesha pikipiki avae kofia hiyo. Lakini fuvu la abiria si gumu kuliko la dereva. Naye aivae.

Kofia iliyotundikwa kwenye usukani haiokoi kichwa cha mtu. Wala iliyovaliwa bila kufunga mkanda wa kidevuni, maana hutoka kabla ya kichwa kugonga chini. Kofia iliyokwisha kupata pigo kubwa imemaliza kazi yake, hata kama kwa nje haina ufa, itafutwe nyingine. Na abiria anayechukia kofia iliyovaliwa na wengi, aweke kitambaa chepesi safi ndani yake. Kinyaa kina dawa.

Lakini shabaha yangu katika hadithi hii si kofia peke yake. Shabaha ni kwamba Cairns aliandika. Ajali isiyoandikwa husahauliwa, na iliyosahauliwa hurudi.

DAFTARI LA KIJIWE

Sasa twafika kwenye jambo linalowahusu ninyi mnaojifunza kusoma na kuandika. Mara nyingine mtu mzima hujiuliza, "Nikijua herufi hizi, zitanisaidia nini?" Hii hapa ni kazi moja yenye faida.

Kila kijiwe kiwe na daftari moja. Mpanda pikipiki akiponea chupuchupu, aandike mistari michache siku ile ile. Asiyejua kuandika amwambie mwenzake amwandikie, mpaka naye ajue. Mfano wa maandishi ni huu:

Siku: Jumanne.
Saa: 12 na nusu jioni.
Mahali: Kona ya kuingia kijijini.
Kilichotokea: Nilimkwepa mtu mwenye baiskeli. Nilikaribia kuanguka.
Nilichelewa kuona nini: Baiskeli. Haikuwa na taa.
Nilikuwa nafanya nini: Nilikuwa na haraka. Abiria alikuwa ananisubiri.
Nitabadili nini: Jioni nitapita kona hiyo kwa gia ya pili.

Maneno machache tu. Mara moja kwa juma, wote wakae, mmoja asome kwa sauti. Sheria za daftari ni tatu. Ya kwanza, jina la mtu lisiandikwe. Ya pili, asiwepo wa kumcheka mwenzake. Ya tatu, daftari si la kushtakiana. Ni la kufundishana. Mkiwacheka wenye kusema kweli, juma lijalo hamtapata mtu wa kusema, na daftari litakuwa jeupe huku barabara ikiwa nyekundu.

Baada ya miezi miwili au mitatu, hesabuni. Pengine mtaona kwamba katika habari 10, habari 6 zimetokea mahali pamoja. Basi hapo hapana bahati mbaya. Pana sababu. Labda majani yamefunika kona, yafyekwe. Labda tundu la barabarani. Serikali ya kijiji ipewe habari kwa maandishi. Labda watoto huvuka hapo saa za shule; mzungumze na mwalimu mkuu. Pengine mtaona kwamba nyingi hutokea jioni, watu wakiwa wamechoka na wanatafuta nauli ya mwisho. Basi mpangiane zamu za kupumzika. Mkienda ofisini na daftari, mtasikilizwa kuliko mkienda na manung'uniko.

AJALI IKITOKEA

Hata kwa wenye hadhari ajali hutokea. Basi yafaa tujue ya kufanya.

Kwanza, zuieni magari mengine yasije yakawakanyaga majeruhi na waokoaji. Wekeni matawi barabarani kwa mbali pande zote mbili. Pigeni simu polisi, namba 112.

Pili, mtu aliyeanguka vibaya asivutwe mikono wala kuinuliwa kwa pupa. Shingo na uti wa mgongo vyaweza kuwa vimevunjika, na kuvivuta ni kuvikata. Mtu mmoja ashike kichwa kisiyumbe. Kofia ngumu isivuliwe, isipokuwa mtu hawezi kupumua.

Tatu, damu itokapo, kandamizeni kwa kitambaa safi bila kuachia. Msimpe maji wala chakula.

Nne, kama hakuna gari la wagonjwa, abebwe na watu kadhaa akiwa amelala juu ya ubao au mlango. Msimkalishe katikati ya watu wawili juu ya pikipiki. Wengi hufanya hivyo kwa huruma, lakini safari hiyo yaweza kumpoozesha mtu ambaye angepona.

Tano, mtu aliyegonga kichwa akainuka na kusema, "Sijambo," asiachwe aende kulala peke yake. Damu yaweza kuvuja ndani ya kichwa polepole. Akitapika, akichanganya maneno, au akisinzia kupita kawaida, afikishwe hospitali mara moja. Kutoka Kidahwe hadi Hospitali ya Mkoa ya Maweni, mjini Kigoma, ni safari ya muda. Usiupoteze mwanzo wake kwa kubishana.

WAJIBU WA ABIRIA

Mwisho, neno kwa abiria. Abiria wengi ndio wanaosema, "Kimbiza, nimechelewa!" Dereva anayetaka nauli hutii. Ukimwambia dereva akimbize, umeshika usukani pamoja naye. Badala yake sema, "Polepole, ndugu yangu, nataka nifike." Una haki ya kudai kofia. Una haki ya kushuka ukiona dereva amelewa. Usimpigie dereva simu ukijua yuko njiani. Na dereva akipigiwa, asimame kando kwanza ndipo apokee. Aliye kwenye simu atasubiri dakika mbili.

Ndugu wasikilizaji, barabara ya lami ni neema, lakini neema hiyo imetuletea mwendo ambao babu zetu hawakuujua. Mwendo mpya hutaka akili mpya, na akili hiyo hupatikana kwa kutazama, kuuliza na kuandika. Ajali iliyotukosa leo imetuachia ujumbe. Tuusome kabla haijarudi. Nawatakia masomo mema na safari njema. Kwaherini.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Ni tofauti gani iliyopo kati ya ajali na ajali iliyotukosa?
2. Taja maswali matatu ya kujiuliza baada ya kuponea chupuchupu.
3. Pikipiki iendayo kilomita 60 kwa saa huhitaji mita ngapi ili isimame kwenye lami kavu? Na iendayo kilomita 30?
4. Kwa nini jina la mtu lisiandikwe katika daftari la kijiwe?
5. Katika kijiji chenu, ni mahali gani watu huponea chupuchupu mara nyingi? Mnadhani sababu ni nini?

KAZI YA KUANDIKA

Kila mwanafunzi aandike habari moja ya ajali iliyomkosa yeye au mtu amjuaye, awe kwenye pikipiki, kwenye baiskeli au kwa miguu. Afuate mistari 7 ya mfano uliotolewa. Mwalimu achague tatu zisomwe kwa sauti.